Mahubiri Yaingiayo Moyoni

Itaka ni kata katika wilaya ya Mbozi, mkoa wa Songwe, upande wa kusini-magharibi wa Tanzania. Nchi yake ni ya juu, na wenyeji wake wengi ni Wanyiha. Kazi yao kubwa ni kilimo: hulima mahindi, maharage, ulezi na kahawa. Siku ya Jumapili majembe hupumzika, na Wakristo huenda kanisani, wazee kwa watoto. Huko huimba, huomba, na kusikiliza mahubiri.

Lakini kusikia si kusikia kwa namna moja. Watu wawili huketi katika benchi moja na kusikia maneno yale yale. Mmoja hurudi nyumbani amepata neno la kumwongoza juma zima. Wa pili hurudi mikono mitupu, wala hawezi kusema mhubiri alinena nini. Je, tofauti hii yatoka wapi? Haitoki katika ukubwa wa sauti, maana siku hizi vipaza sauti vipo, na kelele yaweza kujaza nyumba bila kumfikia mtu hata mmoja. Wala haitoki katika wingi wa maneno, maana hotuba ndefu huwachosha wengi. Basi yafaa kuyachunguza mambo yayafanyayo mahubiri yawe na maana kwa wasikilizaji.

Jambo la kwanza ni lugha. Wamisionari wa Moravian walifika Rungwe, katika nchi ya Wanyakyusa, mwaka 1891, na baada ya miaka michache walifungua misheni katika nchi ya Wanyiha, huko Mbozi. Mmoja wao, Traugott Bachmann, alijifunza Kinyiha, akafasiri Agano Jipya katika lugha hiyo, nalo lilipigwa chapa mwaka 1913. Kazi ya namna hii haiwezekani kwa mgeni peke yake. Kila neno humlazimu kuwauliza wenyeji: “Hili mwalitumia wapi? Likisemwa, mtu hufikiri nini?” Hivyo mwalimu mwenyewe huwa mwanafunzi kwanza, na wale aliokuja kuwafundisha huwa walimu wake.

Tena lugha si maneno tu. Ndani yake mna mawazo ya watu tangu zamani. Wanyakyusa humwita Mungu Kyala. Wachaga wa Kilimanjaro humwita Ruwa, nalo neno hilo ni jina la jua pia. Wahubiri wa kwanza hawakuleta jina kutoka Ulaya, bali waliyatumia majina hayo yaliyokuwa vinywani mwa watu. Faida yake ilikuwa kubwa, maana msikilizaji hakudhani kwamba anahubiriwa Mungu wa wageni. Walakini palikuwa na shida pia. Jina la zamani huja na mawazo yake ya zamani, na mhubiri hakuweza kulitaja tu na kupita. Ilimpasa aeleze kwa uvumilivu alilokusudia.

Jambo la pili ni kwamba neno lipate mahali pa kushika katika maisha ya msikilizaji. Hapa Unguja ni mfano mwema. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na mwaka huo huo liliwekwa jiwe la msingi la kanisa mahali pale pale, Mkunazini. Edward Steere, aliyekuwa askofu huko tangu 1874 hata alipokufa mwaka 1882, aliisoma lugha ya Kiswahili kwa bidii, akaandika vitabu vyake na kufasiri Maandiko. Kati ya Wakristo wa kwanza wa misheni ile walikuwamo watu waliotolewa katika utumwa. Fikiri basi jinsi walivyolisikia neno “Mkombozi.” Kukomboa ni kutoa mali ili kukirudisha kitu kilichowekwa rehani, au kumrudisha mtu aliyeshikwa. Mtu aliyewekewa bei sokoni kama mbuzi hahitaji kuelezwa sana neno hilo. Yeye alikwisha kulijua katika mwili wake kabla ya kulisikia kanisani.

Mtoto wa Itaka wa leo hakuuzwa sokoni. Basi mhubiri akilitaja neno lile lile bila kulieleza, kwake laweza kuwa sauti tupu. Lakini akikumbushwa jembe la nyumbani lililowekwa rehani wakati wa njaa, na furaha ya siku baba aliporudi nalo begani baada ya kulipa deni, hapo huanza kuona. Neno halikubadilika, limepewa mahali pa kusimama.

Yesu mwenyewe alifundisha hivyo. Alinena habari za mbegu, kondoo, chachu, taa na nyavu, vitu ambavyo watu wa Galilaya waliviona kila siku. Lakini vitu vya Galilaya si vyote vya Mbozi. Katika mfano wa mpanzi, mbegu nyingine zilianguka njiani, nyingine penye mwamba, nyingine penye miiba, na nyingine katika udongo mzuri. Mtoto aliyezoea kupanda mahindi, punje kwa punje katika mashimo, huweza kumwona mpanzi yule kuwa mjinga. Kwa nini kutupa mbegu njiani? Mhubiri mwenye hekima humkumbusha kwamba ulezi haupandwi katika mashimo, bali hutawanywa kwa mkono, na punje nyingine huruka mpaka kwenye kijia. Mara moja mfano wote hufunguka.

Kadhalika mzabibu. Wengi wa Mbozi hawajauona mzabibu, lakini wanaujua mkahawa. Wanajua kwamba mkulima huupogoa, na kwamba tawi likikatwa katika shina hunyauka, hata likiwa na majani mabichi asubuhi ile. Mtu aliyeshika kisu cha kupogolea huyaelewa upesi mafundisho ya mzabibu na matawi yake. Tena Wanyiha wa zamani walikuwa mashuhuri kwa kuyeyusha chuma. Habari za moto usafishao madini, zilizomo katika vitabu vya manabii, hazikuwa ngeni kwa watu waliojua mivukuto na tanuru.

Lakini mfano una hatari yake. Huko Ndolezi, katika wilaya hiyo hiyo ya Mbozi, kuna kimondo kikubwa, jiwe la chuma lililoanguka kutoka angani, ambalo uzito wake hukadiriwa kuwa tani 16. Mhubiri akilitumia kama mfano na kusimulia mno habari zake, watu watarudi nyumbani wakizungumza habari za kimondo, na lile alilotaka kuwafundisha litakuwa limesahauliwa. Mfano ni kama dirisha: faida yake ni kupitisha nuru. Ukipambwa hata watu wautazame wenyewe, nuru haipiti tena.

Jambo la tatu ni kwamba mahubiri yaguse mambo yanayowaelemea watu. Kati ya wasikilizaji yumo mjane ambaye ndugu za marehemu mumewe wanataka kulitwaa shamba lake. Wamo ndugu wawili wasiosalimiana kwa ajili ya mpaka wa mashamba. Yumo kijana anayewaza kutoroka nyumbani kwenda Tunduma mpakani, akidhani huko fedha huokotwa. Mhubiri akinena Jumapili nzima juu ya dhambi za miji ya mbali, watu hawa watakubali kwa vichwa, na kila mmoja atarudi na mzigo wake. Lakini akifundisha kwa upole yale Maandiko yasemayo juu ya haki ya wajane, basi mjane hupata nguvu, na shemeji zake husikia moyoni kwamba wameonekana.

Hapa yapasa kutofautisha mahubiri na mafumbo. Wako watu ambao wakipewa nafasi ya kusimama mbele hutumia nafasi ile kumchoma adui yao. Hawamtaji kwa jina, ila hueleza mambo yake mpaka watu wote wageuze shingo kumtazama. Hayo si mahubiri, bali ni ugomvi uliovaa kanzu. Aliyechomwa hafikirii kutubu; hufikiria kujibu. Na wengine hufurahi, kwa kuwa wameona kosa la mwenzao na kusahau ya kwao. Mahubiri ya kweli humfanya kila mtu ajitazame mwenyewe, naye mhubiri akiwa wa kwanza.

Jambo la nne ni maisha ya anenaye. Katika kijiji watu hujuana. Wanajua nani hakulipa deni dukani, nani humpiga mkewe, nani aliamka usiku kumpeleka mgonjwa wa jirani hospitalini. Maneno yale yale, yakitoka katika vinywa viwili, hayana uzito mmoja.

Jambo hili lilipimwa wakati wa Vita Kuu ya kwanza. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza yaliingia nchi hizi, na wamisionari Wajerumani wa Rungwe na Mbozi waliondolewa. Wamisionari wa Kiskoti wa Livingstonia, katika nchi iitwayo sasa Malawi, waliziangalia sharika hizo kwa muda, lakini walikuwa wachache na njia zilikuwa ndefu. Kazi ya kila siku iliwaangukia walimu na wazee wenyeji. Lau neno lingalikuwa mali ya wageni, lingaliondoka pamoja na wageni. Halikuondoka. Lilikuwa katika lugha ya watu, na waliolinena walikuwa majirani, waliolima pamoja na wasikilizaji, wakaona njaa pamoja nao, na kuzika pamoja nao.

Jambo la mwisho ni sehemu ya msikilizaji. Katika mfano wa mpanzi mbegu ni ile ile. Kilichotofautiana ni udongo. Aendaye kanisani ili ahesabu makosa ya mhubiri atayapata, maana hakuna mhubiri asiyekosea. Aendaye akitafuta neno moja la kumfaa, naye kwa kawaida atalipata, hata katika mahubiri dhaifu. Yafaa kulishika neno hilo, kuulizana nyumbani jioni, na kumwuliza mwalimu lile lisiloeleweka. Kuuliza si utovu wa adabu; ni dalili kwamba mbegu inaota.

Basi mahubiri hayapimwi Jumapili mlangoni mwa kanisa, watu wanaposema, “Leo amehubiri vizuri.” Hupimwa Jumatatu shambani. Wale ndugu wawili wakikutana penye mpaka wao, na mmoja akamwambia mwenzake, “Shikamoo, kaka, tuketi tuyazungumze,” hapo mahubiri yamekuwa na maana, hata kama hakuna awezaye kukumbuka maneno yake yote.

Maswali

1. Kwa nini neno “Mkombozi” lilikuwa na nguvu kwa wale waliotolewa katika utumwa Unguja?
2. Eleza jinsi upandaji wa ulezi unavyosaidia kuufahamu mfano wa mpanzi.
3. Kuna tofauti gani kati ya mahubiri na mafumbo?
4. Mambo ya mwaka 1916 yalionyesha nini juu ya walimu wenyeji?
5. Taja kitu kimoja cha kijijini kwenu kifaacho kuwa mfano, kisha ueleze kingefundisha nini.