Kioo cha sauti kisiwe hakimu

Mtoto akiambiwa na mwalimu wake kwamba amekosa sauti na akae chini, aghalabu hukaa chini maisha yake yote. Haelezwi kama amepanda mno au ameshuka, wala kwa kiasi gani. Mwalimu mwenye darasa kubwa hana wasaa wa kumrekebisha kila mmoja, na sikio lisilofunzwa haliwezi kujisahihisha.

Ndiposa nawaunga mkono wanaotaka kompyuta, au hata simu, itumike katika mafunzo ya uimbaji. Utendaji wake hauna uchawi. Maikrofoni hupokea sauti, programu huhesabu mitetemo yake kwa sekunde, kisha papo hapo huchora kidatu kama mstari unaopanda na kushuka kwenye kioo. Mwanafunzi huona kwa macho yale ambayo sikio lake halijayanasa. Nchini Uingereza, Graham Welch na David Howard walikijaribu chombo cha namna hii kwa watoto wa shule katika miaka ya 1980, na waliokitumia wakaboreka. Watafiti wa Sydney, Australia, nao walieleza mwaka 2008 kwamba mwimbaji huweza kukosea zaidi anapokuwa akiutazama mstari, kisha akaimarika baadaye. Kwa hivyo kioo kitazamwe kwa muda mfupi, kisha kizimwe, sikio lifanye kazi yake.

Mimi ni mtu wa isimu, na michoro ya kidatu ni mkate wetu wa kila siku. Kwa sababu hiyo nina neno la tahadhari, hasa kuhusu Migori na Homa Bay. Kiswahili hakitofautishi maneno kwa toni. Dholuo hufanya hivyo: kitenzi kile kile huweza kutaja tendo lililokamilika au lisilokamilika kwa kubadili toni tu. Katika Kikuria, kinachozungumzwa Migori, toni ya juu huweza kuanzia mora ya kwanza, ya pili, ya tatu au ya nne ya shina la kitenzi, kutegemea njeo. Aimbaye kwa lugha hizi hana budi kuchunga lahani na maana kwa pamoja.

Programu nyingi za uimbaji, hata hivyo, zimechorewa ngazi za piano, ambapo oktava hugawanywa katika nusu-toni 12 zilizo sawa. Nyatiti, yenye nyuzi 8, haikazwi kwa kufuata piano. Mpigaji huikaza kwa sikio lake. Mtoto wa Homa Bay aliyerithi sikio hilo kwa babu yake ataambiwa na kioo kwamba amekosa, ilhali amepatia. Alexander Ellis, mwanafonetiki Mwingereza, alikwisha kuonya mwaka 1885. Alipima ngazi za muziki za mataifa mbalimbali akahitimisha kwamba hakuna ngazi moja ya maumbile inayowafunga wanadamu wote. Ajabu ni kwamba kipimo kiitwacho senti, 100 kwa kila nusu-toni, ambacho wataalamu hutumia hadi leo kupimia kidatu, ni chake yeye!

Tufanyeje basi? Kwaya inapojiandaa kuimba wimbo wa kizungu katika Tamasha ya Muziki, ngazi za piano zitumike bila kinyongo. Lakini kwa wimbo wa jadi, mwalimu amwendee kwanza mwimbaji stadi wa kijijini, amrekodi kwa idhini yake, mstari wa sauti yake uchorwe, na mtoto aufuate huo. Faida ya pili itapatikana katika visiwa vya Mfangano na Rusinga, ambako familia nyingi za Wasuba zimehamia Dholuo: kila rekodi ya wimbo wa Kisuba itakuwa pia akiba ya lugha inayofifia.

Wanaosema kwamba teknolojia itaua muziki wetu wanakosea, sawa na wanaodhani kwamba itaufundisha yenyewe. Kioo huonyesha kilichoimbwa. Kusema kama kimeimbwa sawasawa ni kazi ya wenye wimbo, na hao wangali hai, hawajaulizwa tu.