Kujifunza Lugha Mpya ya Kompyuta: Kalamu Itangulie

Kompyuta haibishani na mtu. Ikipewa maagizo yanayofuata sarufi ya lugha yake, huyatekeleza hata kama hayalingani na nia ya aliyeyaandika. Kwa hiyo anayejifunza lugha mpya ya kuandikia programu huhitaji mazoea mema ya kazi kuliko wingi wa maneno aliyoyakariri.

Mfano mzuri ni tendo la kugawanya. Lugha ya C, iliyobuniwa na Dennis Ritchie mwanzoni mwa miaka ya 1970, ikiagizwa kugawanya 15 kwa 2, zote zikiwa namba kamili, hutoa 7, baki hutupwa. Python ya Guido van Rossum, iliyotolewa mwaka 1991, ilifanya vivyo hivyo hadi toleo la 3 la mwaka 2008, ambalo hutoa 7.5. Basi mwanafunzi aliyezoea toleo hilo, akiandika kwa C programu ya wastani wa alama 7 na 8 bila kubadili desturi yake, atapata 7. Programu haitasimama, na mwenye alama hizo atapunjwa nusu alama bila yeyote kujua.

Kinga yake ni mazoea manne. Kwanza, jibu likokotolewe kwa kalamu na kuandikwa kabla programu haijaendeshwa, kwani anayeanza kwa kulitazama jibu la mashine huwa mwepesi wa kuliamini. Pili, zijaribiwe namba za aina mbalimbali: sifuri, hasi na witiri. Kwa mfano, -7 ikigawanywa kwa 2 kwa namba kamili, C ya kanuni za mwaka 1999 hutoa -3, ilhali Python, kwa alama ya //, hutoa -4. Tatu, libadilishwe jambo moja tu kila mara, ili ijulikane lipi lililoleta tofauti. Nne, kila kosa liandikwe daftarini pamoja na sababu yake na sahihisho lake.

Mazoea haya hayadai mashine nyingi. Mwalimu aweza kuandika ubaoni programu ya mistari mitano, kila mwanafunzi akaandika jibu analolitarajia, kisha kompyuta moja ikatumika kuhakikisha. Pale jibu la daftarini linapotofautiana na la mashine, ndipo somo lenyewe linapoanza.