Hema la msonge kwa kambi ya mifugo

Mfugaji, ukihamia kambi ya kiangazi na familia, chagua hema la msonge: nguzo moja katikati, vigingi pande zote. Watu wawili hulisimamisha upesi, na upepo wa Juni na Julai hapa Ufipa hulizunguka. Turubai lililotandazwa bapa huvimba likang'oka. Kitambaa cha pamba ni kizito kubeba, ila cheche haikitoboi haraka kama nailoni. Dukani, vuta mishono na pete za kamba kabla ya kulipa.

Usiku ni baridi. Hata hivyo usiingize jiko la mkaa hemani, hata yakibaki makaa machache. Hewa yake ya sumu haina harufu, huua watu wakiwa usingizini. Tundu la juu halitoshi kuitoa. Oteni moto nje, kisha tandazeni nyasi kavu na ngozi, watoto walale katikati yenu.