Wezi mu kartiye: tuanzie wapi?

Ndugu musomaji, mu kartiye yenu watu wanaogopa nini zaidi? Usijibu haraka. Baba mwenye duka atakuambia: wale wanaovunja mulango usiku. Mama anayeuzisha mikate asubuhi mapema atasema: giza ya njiani. Binti anayerudi toka masomo jioni atasema: vijana wanaokaa ku kona, wanamushika mukono, na kama hajibu wanamutukana. Muzee atalalamika juu ya kelele ya nganda, hapati usingizi. Na kijana, kama kuna mutu wa kumuuliza (mara nyingi hakuna), pengine atajibu: polisi, sababu kila siku ya musako ni yeye anakamatwa, hata kama hakugusa kitu cha mutu.

Watu watano, shida tano. Sasa burgmestre, komanda wa polisi na shefu wa kartiye wakikaa pamoja, wataanza na shida gani? Wakitaka kumaliza zote kwa siku moja, hawatamaliza hata moja. Na tukiwaacha wachague peke yao, watachagua ile inayowauma wao wenyewe. Mama wa mikate atabaki mu giza yake.

Sheria iko, lakini wengi hawaijui

Sheria ya tarehe 11 mwezi wa 8 mwaka 2011 ilipanga upya polisi ya taifa, na ndani yake polisi ni mutumishi wa raia. Halafu, mu mwezi wa 9 mwaka 2013, amri ya Waziri wa Kwanza ilianzisha mabaraza ya usalama ya mahali. Zamani mukutano wa usalama ulikuwa wa wakubwa tu, mulango umefungwa. Mu baraza hii mukubwa wa mahali anaongoza, komanda wa polisi anakaa, na wajumbe wa raia wanakaa vilevile. Kazi yao ya kwanza si kutuma askari. Ni kuchunguza hali: mabaya gani yanafanyika, wapi, saa gani. Kisha wanaandika mupango wa usalama, na mu mupango ule wanasema lipi litashugulikiwa mbele ya mengine.

Njia hii ya kazi ilijaribiwa kwanza Matadi, Kananga na Bukavu, kwa musaada wa Waingereza. Wao walikuwa na sheria ya namna hii kwao tangu mwaka 1998. Sheria ile iliwalazimisha wakubwa wa mahali na polisi kuhesabu mabaya ya muji wao, kuuliza raia, na kutangaza mupango wa miaka mitatu. Iliwawekea tena jambo lingine ambalo mimi naliona kuwa la akili: kila ofisi ya muji, hata ile ya taa na ile ya takataka, inapaswa kujiuliza kama kazi yake inawafungulia wezi njia ao inawafungia.

Musifikiri kwamba kwa Waingereza wezi walikwisha. Hawakukwisha. Lakini raia anaweza kuchukua karatasi na kuuliza: mulisema mutafanya hivi, mumefika wapi?

Mwaka ule ule wa 2013

Amri ya mabaraza ilitoka mu mwezi wa 9. Miezi miwili nyuma yake, tarehe 15 mwezi wa 11, kule Kinshasa ilianza «Opération Likofi», juu ya kumaliza kuluna. Shirika la Human Rights Watch lilihesabu vijana na wanaume 51 kwa uchache waliouawa, na wengine 33 waliopotea, jamaa zao hawajui walipo. Wengine walitolewa ndani ya nyumba zao, mbele ya mama zao.

Kuluna walikwisha? Mwaka 2020 serikali ilianza kuwapeleka Kanyama-Kasese, huku kwetu Haut-Lomami, walime mahindi na kujifunza kazi ya mikono. Na mu mwezi wa 3 mwaka 2024 ilikubali tena kutimiza hukumu ya kifo, iliyosimamishwa tangu mwaka 2003, na kati ya sababu ilizotoa ni wanyanganyi wa mijini. Kama Likofi ingekuwa dawa, mugonjwa asingalirudi kutafuta zingine mbili.

Na sisi wenyewe, je? Mutu analia «Mwizi! Mwizi!», watu wanatoka na mawe, mwingine anatafuta tairi. Nani anauliza kama ni yeye kweli? Hapa niseme wazi: mutu aliyechomwa hawezi tena kujibu swali. Kamba za umeme za SNEL zinakatwa usiku na kartiye nzima inalala bila moto. Nani ananunua ile shaba? Yule kijana aliyekamatwa na kisu ndiye anajua jina la munuuzi. Tukimuua, munuuzi anakunywa bia yake kwa amani, na kesho anatafuta kijana mwingine. Pengine wako.

Kuhesabu mbele ya kuchagua

Sasa namna gani ya kuchagua? Watu wengi wanachagua kwa kufwata ile habari iliyowatisha juma lililopita. Afazali mufanye hivi: kwa mwezi mumoja, kila avenyu iwe na mutu mumoja mwenye kaye. Anaandika kila jambo: nini kilifanyika, mahali gani, saa gani, kwa nani. Asiandike jina la anayezaniwa! Kaye ikianguka mu mikono mibaya, kuna nyumba itachomwa juu ya masemi tu.

Mwisho wa mwezi muweke makaye zote pamoja mu meza moja. Tuseme munaona hivi: mama aliyenyanganywa, binti aliyeshikwa mukono, vita ya walevi, kelele ya usiku, vyote viko mu njia moja, karibu na nganda moja inayouzisha lutuku mpaka usiku kati, pahali taa ilikufa zamani. Mulizania muko na shida ine. Kumbe muko na mahali pamoja. Taa moja, saa ya kufunga nganda, na askari wawili wanaopita pale saa ile, si saa ya mchana wakati hakuna kitu. Mupango wa namna hii haulombi bunduki nyingi.

Feza ya taa itatoka wapi? Usilombe franka ku kila mulango kila juma; watu watachoka, na wengine watasema ni wizi mwingine. Kode ya mine iliyogeuzwa mwaka 2018 inasema kwamba mu redevansi ya madini, 15 kwa mia ni ya komini, sekta ao sheferi kunakochimbwa. Kama kwenu kunachimbwa, raia wako na haki ya kuuliza burgmestre ile feza ilifanya nini. Muulize kwa heshima, muulize kwa maandishi, na mubaki na kopi.

Vijana wa miji ya madini

Miaka ya 2003 na 2004, wafanyakazi 10.655 wa Gécamines waliacha kazi kwa ule mupango wa «départs volontaires». Wazee wanakumbuka: kazi ilikuwa inaleta na masomo ya watoto, na hospitali. Ilipokwisha, watoto wengi waliingia mu karyeri. Wengi walichimba, walibeba, walisafisha mawe, na hawakuiba hata musumari. Kwa hiyo sipendi kusikia mutu akisema «mutoto wa karyeri» kama vile anasema «mwizi». Lakini mutoto aliyeacha masomo na miaka 12, akiwa na miaka 17 anataka viatu kama wengine, na kuna mukubwa anayemungojea ku kona na kazi ya usiku.

Mujue tena sheria ya tarehe 10 mwezi wa 1 mwaka 2009 juu ya kulinda watoto. Mutoto asiyefika miaka 14 hahesabiwi kuwa na kosa mbele ya sheria. Toka 14 mpaka 18 iko tribunali ya watoto. Kumutupa mu kasho pamoja na wakubwa si mupango wa usalama. Atatoka pale amefunzwa, lakini si kile mulitaka.

Na weye kijana, usikubali kutembea usiku na fimbo kwa jina la ulinzi, bila polisi kujua, bila mutu wa kukusimamia. Vikundi vya namna ile vinaanza kwa kukamata wezi, halafu vinaanza kulomba feza kwa wapita njia. Afazali uingie mu mukutano wa kartiye na kusema pale mbele ya komanda: musako wenu unakamata wasio na makosa. Enda na wenzako, si peke yako. Mukifika, muangalie nani hayupo. Kama hakuna mama hata mumoja anayeuzisha sokoni, mulombe mukutano ungojee mupaka waitwe.

Na siku wataleta karatasi ya mupango isainiwe, tafuta mu kila mustari vitu viwili: nani atafanya, na mpaka tarehe gani. Mustari usio na hivyo, lombeni uandikwe upya pale pale, kalamu ikiwa ingali mu mukono.