Mstari Usio na Neno

Juma lililopita mpwa wangu, aliye kidato cha pili hapa Dar es Salaam, alinijia na daftari lake la Baiolojia. Somo lilikuwa malaria. Ukurasa mzima alikuwa ameukariri kwa Kiingereza, neno kwa neno. Nikamwuliza kwa Kiswahili, "Haya mama, vimelea vikishaingia mwilini vinakwenda kukaa wapi kwanza?"

"Mjomba, hilo mbona hatukufundishwa?"

Na lilikuwamo humo humo alimokariri.

Tukafungua kompyuta. Ziko programu katika intaneti za kuchora ramani ya mawazo: neno kuu hukaa katikati, mengine hutoka kama matawi ya mti. Mwingereza Tony Buzan aliueneza sana uchoraji huo kuanzia mwaka 1974, kwa kitabu na vipindi vya televisheni ya BBC. Katika miaka hiyo hiyo ya 1970, Joseph Novak na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walibuni ramani ya namna nyingine, ambayo kila mstari unaounganisha maneno mawili nao huandikwa neno juu yake. Kwa darasani mimi namchagua Novak. Mstari mtupu husema tu kwamba mambo mawili yanahusiana. Mstari wenye kitenzi humdai mwanafunzi aseme yanahusiana vipi.

Binti akaandika "mbu jike", "damu", "ini", "chembe nyekundu". Kutoka mbu hadi damu akaweka "huingiza vimelea". Ini likabaki pembeni, halina mstari. Akalirudia daftari, safari hii akitafuta: kumbe vimelea hukimbilia kwenye ini, huzaliana humo, ndipo huvamia chembe nyekundu. Akalivuta ini mahali pake bila kufuta chochote. Chini ya kila neno la Kiswahili akaweka la Kiingereza, maana mtihani utakuja kwa Kiingereza.

Mwalimu mwenye wanafunzi wengi angeliona ini lile pweke kwa mtazamo mmoja, kabla ya mtihani. Tena programu hizi huwaruhusu wanafunzi kadhaa kuchora ramani moja kwa pamoja, kila mmoja kwenye kompyuta yake, na mwalimu akaisoma akiwa nyumbani. CmapTools, iliyotengenezwa na taasisi moja ya Florida ambayo Novak alishirikiana nayo, hutolewa bure. Nyingine humwekea kikomo asiyelipa, na bando nalo ni fedha. Shule yenye kompyuta moja yaweza kuchora pamoja ukutani kwa projekta. Umeme ukikatika, chaki ipo.

Ninachokiogopa ni mwalimu kuleta ramani iliyokwisha kuchorwa, ya rangi nzuri, watoto wakainakili. Hapo tumerudi kwenye kukariri.

Mpwa wangu hajamaliza yake. Jana nimeona ameongeza "chandarua", na mstari kuelekea "vimelea" ameuwekea alama ya kuuliza.