Mlingoti uliovunjika: kuunganisha au kubadili?

Mwezi Desemba mwaka 2000, baharia Mfaransa Yves Parlier alivunjikiwa na mlingoti akiwa peke yake katika bahari ya kusini, katikati ya mashindano ya Vendée Globe ya kuizunguka dunia. Kanuni za mashindano hayo hazimruhusu baharia kusaidiwa na mtu. Parlier alitia nanga karibu na kisiwa cha Stewart, kusini mwa New Zealand, akaunganisha vipande vya mlingoti kwa mikono yake, akala samaki na mwani chakula kilipopungua, na mwezi Machi mwaka 2001 akafika Ufaransa, akiwa wa 13.

Chombo chake kilikuwa na urefu wa mita 18. Hata hivyo, swali lililomkabili humkabili pia mwenye mashua ya mita 3 katika maziwa ya Uingereza: je, mlingoti huu unafaa kuunganishwa, au umekwisha kazi yake?

Dakika za kwanza

Mlingoti unapoanguka, hatari kubwa haitokani na kukosa tanga. Mti huo hubaki umefungwa kwa waya na kamba, na kila wimbi huupigiza ubavuni mwa chombo hadi uweze kukitoboa. Kwanza hutazamwa watu, kama yupo aliyeumia au kutumbukia. Kisha huchomolewa pini za waya, au waya hukatwa. Injini haiwashwi mpaka kamba zote zitolewe majini, kwa kuwa kamba moja tu ikijisokota kwenye rafadha humwacha baharia hana tanga wala injini.

Panapowezekana, vipande huokolewa. Humsaidia fundi kupima, na ndivyo vitakavyomwonyesha mahali kasoro ilipoanzia.

Chanzo cha kuvunjika

Katika mashua zenye milingoti inayoshikiliwa kwa waya, mara nyingi mlingoti wenyewe si wa kwanza kushindwa. Hutangulia pini iliyochakaa, au waya uliokatika nyuzi moja moja ndani ya kishikizo chake, mahali macho yasipofika. Anayenunua mlingoti mpya na kuufunga kwa waya zilezile anajitafutia hasara ya pili.

Kwa mti, adui ni maji ya mvua zaidi kuliko maji ya chumvi. Hujikusanya kwenye kitako cha mlingoti na chini ya vyuma vilivyopigiliwa misumari ya parafujo. Doa jeusi huashiria kwamba maji yamepenya, na ncha ya kisu ikizama bila taabu, mti umeoza.

Fundi na kiungo cha mshazari

Mfano mzuri ni Mirror, mashua ya urefu wa mita 3.3 iliyobuniwa Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1960 na Jack Holt pamoja na Barry Bucknell. Zimeundwa zaidi ya 70,000, na nyingi za zamani zina milingoti ya mti. Mlingoti wake ni mfupi, na juu yake hupandishwa mti wa pili unaobeba tanga. Baharia wa Lamu au Unguja akiutazama, atamkumbuka ndugu yake, foromali.

Mti kama huo ukivunjika, vipande viwili havigandishwi ncha kwa ncha. Sehemu mbovu hukatwa, na kila upande huchongwa kwa mshazari mrefu, kiasi cha mara 12 ya unene. Mlingoti wenye unene wa sentimita 6, basi, huhitaji mshazari wa sentimita 72. Kwa kuwa kiungo hiki hula urefu, hulazimu kuongeza kipande kipya, cha mti wa aina ileile na chenye nyuzi zilizonyooka.

Nyuso mbili hupigwa randa mpaka zikutane bila mwanya. Hupakwa gundi ya epoksi nyepesi kwanza, ili mti unywe na kushiba, kisha nzito. Hapa wengi hukosea: hubana kwa nguvu zote, gundi yote ikatoka, kiungo kikabaki kikavu. Kubana kwa kiasi kunatosha. Uzi ulionyoshwa kutoka ncha hadi ncha huonyesha kama mlingoti umepinda kabla gundi haijakauka.

Gundi hiyo inahitaji joto. Parlier alitengeneza tanuri kwa taa za umeme ili kuikausha yake. Katika baridi ya Uingereza, hema la plastiki na hita ndogo hufanya kazi hiyo. Mwishoni hupakwa vanishi, maana jua huiharibu epoksi.

Mlingoti ukivunjika pale unapopita kwenye sitaha, ambapo nguvu ya upepo huukunja zaidi, ni heri kuubadili. Pwani ya Afrika Mashariki uamuzi huu huwa mwepesi: mvinje ulionyooka ukipatikana, wa zamani huwa kuni. Mwenye Mirror hana bahati hiyo, kwani mbao nzuri za sprusi ya Sitka hutoka Amerika Kaskazini na ni ghali.

Alumini haisamehe. Mlingoti wa alumini uliokunjika ukinyooshwa, huonekana mzima ilhali umedhoofika palepale. Kuuchoma kwa moto wa kulehemu pia hupunguza nguvu zake. Mafundi huingiza bomba la ndani lenye kukaa sawasawa na kulifunga kwa ribiti. Nazo zikiwa za chuma kisichoshika kutu, hutengwa na alumini kwa dawa maalumu, la sivyo chumvi huila alumini pembeni mwake.

Kabla ya kuusimika mlingoti, hutazamwa juu. Alumini hupitisha umeme, kaboni pia, na hata mti wenye waya za chuma. Mlingoti ukigusa nyaya za umeme huweza kumuua anayeushika. Safari ya kwanza hufanywa kwa upepo mwanana, karibu na ufuo, na baada ya saa moja waya hukazwa upya, kwa sababu huwa zimelegea.