Catalina ya Mbao Kutoka Lushoto: Si Mdoli Huo!

Haya mshikaji uliyeko Lushoto, Soni au Mlalo. Wikendi imekukuta, mfukoni pamekauka, umeme nao umekatika. Badala ya kukaa kijiweni kusema watu, pita kwa fundi seremala umwombe vipande vya mbao. Wiki hii tunachonga ndege ya vita.

Tena siyo ndege ya kawaida. Ni Catalina, ndege-boti ya Kimarekani ambayo tumbo lake ndiyo boti yenyewe, inatua baharini na kuruka kutoka humohumo. Najua utauliza: ya baharini, sisi wa milimani inatuhusu nini? Mbao, kaka! Paina na saiprasi za Shume zimekuzunguka, wakati kijana wa Dar anazinunua kwa bei ya kumtoa machozi.

Wanaodhani huu ni mchezo wa watoto wasome hapa kwanza. Wakati wa Vita Kuu ya Pili nyambizi za Wajerumani na Wajapani ziliwinda meli huku kwetu. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa torpedo na nyambizi ya Kijapani I-27. Ilizama kwa dakika chache tu. Walikufa watu zaidi ya 1,200, wakiwemo wanajeshi wa mizinga wa Afrika Mashariki na wauguzi wanawake. Kuzisaka nyambizi za namna hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Catalina. Skwadroni ya 259 ya Waingereza ilikuwa na makao Kipevu, Mombasa, na Septemba 1943 ikahamia Dar es Salaam. Mwezi mmoja kabla ya kuhama, tarehe 20 Agosti, ndege yake moja pamoja na nyingine ya Skwadroni ya 265 ziliizamisha nyambizi ya Kijerumani U-197 kusini ya Madagaska. Hakupona mtu: wote 67 walikwenda na maji.

Sasa fikiria uko kwenye meli, unaona kidoa angani. Ni wa kwenu au ni adui? Ukikosea, kwisha habari. Ndiyo maana mwaka 1942 jeshi la wanamaji la Marekani liliwaomba wanafunzi wa sekondari wachonge ndege 500,000 za mbao za kufundishia macho ya askari. Kipimo kilikuwa 1 kwa 72, na sisi tunakifuata hichohicho.

Catalina halisi ina urefu wa mita 19.46, na mabawa yake ni mita 31.7 kutoka ncha hadi ncha. Gawa kwa 72: mwili sentimita 27, mabawa 44. Tumia mbao kavu. Kwa ukungu wa Lushoto mbao mbichi ni noma, utalala na bawa limenyooka, uamke limepinda kama upinde.

Mwili usiuchonge kwenye gogo moja. Chukua vipande viwili, vigandishe kwa gundi huku umeweka karatasi katikati. Karatasi hiyo inakuachia mstari wa katikati ambao msasa hauwezi kuufuta. Chora umbo la ubavuni na la juu, kata kwa msumeno, kisha patasi na tupa vimalizie. Tumboni acha ngazi mbili. Kwenye ndege ya kweli ndizo zinazoisaidia kujinasua majini.

Wengi huharibu kwenye bawa. La Catalina halikai mgongoni, limeinuliwa juu ya nguzo moja nene, kama paa la kibanda cha sokoni, na kushikiliwa na vijiti viwili kila upande. Spoku ya baiskeli inatosha kabisa. Maboya ya pembeni amua mapema: ikiwa inaruka, yanakunjwa yawe ncha za bawa, ikiwa majini, yanateremshwa. (Hii yetu ni ya kuangalia tu. Asije mtu akaitupa kwenye maporomoko ya Soni halafu anilaumu.)

Yale madirisha mawili yaliyovimba ubavuni, walipokaa walinzi na bunduki zao, ndiyo utamu wenyewe. Chonga kiolezo cha mbao, pasha moto kipande cha chupa ya maji, kikilainika kibane juu yake. Utaunguza vitatu vinne, usikate tamaa. Panga zina upana wa sentimita 5 kila moja; bati la kopo linafaa. Kwa rangi, tafuta picha ya ndege unayoijenga na uifuate.

Ikikauka, itundike kwenye kamba, hesabu mita 10 na nusu, fumba jicho moja. Hapo unaiona kama baharia alivyoiona ikiwa mita 750 hivi. Mwite rafiki yako, mwonyeshe picha tatu za ndege tofauti, mwambie achague. Akichagua siyo, rudi kwenye msasa.